Laiti na Raiti

Kila siku ya shule, kengele ya saa nne ikilia, wenzangu hukimbilia uwanjani nami hukimbilia ofisini kwa Bi. Fridah, karani wetu, kuchukua ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati hilo mna mali moja tu ya maana, laptopu ya shule. Ni kuukuu. Herufi A imefutika, na ukichomoa waya inazima papo hapo. Lakini ndiyo pekee tuliyo nayo hapa shuleni kwetu Tuwan, mjini Kitale, na mimi Mukami wa Gredi ya Saba ndiye mtunzaji wake. Nawaambia mapema ili mjue kwamba kichwa changu kilikuwa kimevimba kabla hata ya mambo haya kutokea.

Kwenye mlango wa kabati, Mwalimu Absalom alibandika karatasi yenye amri mbili. Ya kwanza, kila anayetumia laptopu aandike jina lake, siku na saa katika daftari. Ya pili, mwanafunzi asiweke wala asitoe programu yoyote. Nilikuwa nimezikariri, tena ndizo nilizotumia kuwakaripia wenzangu.

Muhula huo tulialikwa kwenye shindano la maswali na majibu mjini Bungoma. Kila shule ingepeleka wanafunzi wawili. Wetu walikuwa mimi na Derrick Wanjala, na Kiplagat akawa wa akiba. Maswali yote yangetoka katika kijitabu kimoja kuhusu kilimo na afya, chenye kurasa mia mbili na kumi na mbili. Hakikuwa cha karatasi. Kililetwa kwa barua pepe kama faili, na hapakuwa na pengine pa kukisomea ila kwenye laptopu ile.

Kwangu mimi lilikuwa shindano. Kwa Derrick lilikuwa kubwa zaidi. Anaishi na shangazi yake hapa Tuwan, na mama yake anauza nguo kule Lwakhakha, mpakani. Humwona mara moja kwa muhula, pengine isitimie. Mama huyo alikuwa ameahidi kufunga kibanda siku ya shindano aje Bungoma kumtazama mwanawe. Derrick alitutangazia habari hiyo mpaka tukamwomba apumzike.

Faili lilifika Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu Absalom alikuwa Moi's Bridge kwenye mkutano wa walimu, arudi Jumanne. Nililibonyeza faili nikapata vijisanduku vitupu mahali pa maneno. Nikalibonyeza tena, vijisanduku vilevile. Mtu mwenye akili angengoja siku moja Mwalimu arudi. Mimi nilitaka kuwa wa kwanza kusoma.

Chini ya laptopu kuna kibandiko chenye nambari ya Hesbon, fundi wa kompyuta wa Bungoma. Alisoma shule yetu zamani, na ndiye aliyetupa laptopu hiyo bure. Nilimwomba Bi. Fridah simu ya ofisi. Alikuwa na wazazi watatu mbele yake, akanisukumia simu bila kuuliza, nikarudi nayo kwenye laptopu.

"Mulembe," sauti ilinisalimu kwa Kiluhya. "Nani huyo?"

"Ni wa ile shule ya Tuwan, ile ulitupea laptopu. Kuna faili imekataa kufunguka."

"Hiyo programu ya kusomea mko nayo imezeeka. Mwarimu yuko hapo?"

"Yuko," nilisema. Neno moja tu, na lilinitoka kwa urahisi mno.

Aliuliza kama waya umechomekwa, nikamjibu kwamba "shaja" iko, ndipo akanitajia tovuti, nami nikaiandika herufi kwa herufi. "Umeona nini sasa?" aliuliza.

"Naona vitufe viwiri."

"Eeh, ziko mbiri hapo. Wewe bonyeza ire ya raiti. Hiyo ingine achana nayo kabisa, ni mzigo bure."

"Ya raiti?"

"Raiti. Usibonyeze ingine."

Nikamshukuru, nikakata simu, kisha nikacheka peke yangu kwa ile "ire" na "mbiri" yake. Watu wengi wa Bungoma huchanganya l na r, na sisi wa Kitale tunajua kuwacheka. Nikatazama kioo. Upande wa kushoto palikuwa na kitufe kidogo cha kijivu chenye maneno ambayo sikujisumbua kuyasoma. Upande wa kulia palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kinachong'aa. Raiti kwa Kiingereza ni kulia, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikabonyeza kile cha kijani.

Kupakua kulichukua karibu saa nzima. Halafu yakaanza maswali. Unataka na hiki? Kubali. Na kile? Kubali. Visanduku vilikuwa vimeshawekewa alama tayari, nami nikakubali kila kitu bila kusoma. Hatimaye faili likafunguka, polepole, lakini likafunguka. Nikafunga laptopu nikairudisha kabatini. Jina langu sikuliandika daftarini. Ningeandika nini, kwamba nimevunja amri ya pili?

Jioni, saa kumi, ilikuwa zamu ya Derrick. Yeye aliandika jina lake kama kawaida.

Jumanne asubuhi Mwalimu Absalom aliwasha laptopu mbele yetu ili tusome pamoja. Kile kiduara cha kungojea kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Feni ikalia kama kinu cha kusaga mahindi. Programu ikamtaka Mwalimu ajisajili, ikamtaka asasishe, ikamletea tangazo la kununua ile kubwa zaidi, kisha kioo kikaganda na kishale kikakataa kusogea. Chai yake ilipoa hapo mezani.

Alichukua daftari akasoma mstari wa mwisho. "Derrick, umeweka nini kwa hii mashini?"

"Sijaweka kitu, Mwalimu. Nilipata iko tu hivyo."

"Ulipata kutoka kwa nani? Aliyekutangulia ni Kiplagat, Ijumaa. Jioni hiyo niliikagua mimi mwenyewe, ilikuwa sawa."

"Mwalimu, haki si mimi."

"Jina ni la nani hapa?"

"Ni langu."

"Basi Kiplagat atachukua nafasi yako Bungoma. Siwezi kutoka na mtu anayevunja kitu halafu anakana."

Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Midomo yangu ilikuwa salama, hakuna aliyeishona. Niliibana mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kinachoniudhi hadi leo. Nilikasirika. Nilimkasirikia Mwalimu kwa kuhukumu kwa mstari mmoja wa daftari. Nilimkasirikia Hesbon, ati fundi, kwa kutuelekeza kwenye takataka. Niliwakasirikia waliotengeneza programu ya kusoma tu inayodai nafasi utadhani inakuja kuishi. Hata Derrick nilimkasirikia. Nani alimtuma kuandika jina lake? Mwaminifu alikuwa ameadhibiwa kwa sababu aliandika, na mwongo alikuwa amepona kwa sababu hakuandika. Niliwazungukia wote kwa hasira, nikamwacha mmoja tu.

Siku ya Alhamisi nilimkuta Derrick kwenye mfereji wa maji.

"Niaje," nilisema.

"Poa." Alikinga maji kwa kiganja akanywa. "Nimeambia mama asikuje."

"Alisema nini?"

"Ameuliza kama ni mimi nimeharibu. Nikamwambia si mimi." Akafunga mfereji kwa nguvu. "Wewe unaonaje, Mukami? Ni mimi?"

"Sijui," nilisema. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili.

Laptopu iliendelea kututesa. Kufungua kijitabu kulichukua dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, na kupindua ukurasa mmoja ni kama kungoja uji upoe. Kwa wiki nzima mimi na Kiplagat tulisoma kurasa tisa. Zilibaki mia mbili na tatu, na shindano lilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Mwalimu akaamua kumpelekea Hesbon laptopu mwenyewe mwisho wa wiki hiyo, nami nikachukuliwa kwa kuwa ni mtunzaji. Nilitafuta ugonjwa wa kunizuia kwenda, hakuna ulionikubali.

Duka la Hesbon liko nyuma ya soko la Bungoma, likipakana ukuta na mashine ya kusaga mahindi. Ni mtu mfupi, mcheshi, mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alimsalimu Mwalimu kwa mikono miwili kisha akanigeukia. Nilimpa mkono nikainamisha kichwa tu. Nilijua nikifungua kinywa ataijua sauti yangu. Tangu tuingie sikuwa nimetoa neno, na Mwalimu alidhani ni adabu.

Hesbon aliwasha laptopu, akatazama kile kiduara kikizunguka, akatikisa kichwa. "Huyu mzee amebebeshwa nini? Mwarimu, hii memori ni ndogo, rakini haina shida. Shida ni hii programu. Mtu akitaka kupereka gorogoro moja, mkebe mmoja tu wa mahindi, kwa mashini, si anabeba kwa mkono? Nyinyi mmekodi rori."

"Ni kijana wetu mmoja aliiweka," Mwalimu alisema. "Derrick."

Hesbon alibonyeza hapa na pale. "Iko na saa hapa. Iriwekwa Jumatatu, saa nane na dakika kumi mchana."

Mwalimu akatoa daftari mkobani, akalifungua, akakunja uso. "Yeye ameandika saa kumi." Akalifunga polepole. "Kumbe hata saa aliandika ya uongo. Huyo mtoto ni mbaya kuliko nilivyodhani. Nikirudi nitamwita mama yake."

Mtu aliyeandika ukweli mtupu, jina lake na saa yake, sasa anaitwa mwongo kwa sababu ya ukweli huohuo.

"Si yeye," nilisema. "Mwalimu, Derrick hajadanganya. Saa nane ni mimi. Mimi ndiye niliweka, na sikuandika jina."

Mwalimu alinitazama kana kwamba laptopu yenyewe imezungumza. Hesbon akaitoa bisibisi sikioni. "Ndiyo wewe," alisema. "Sauti naijua. Wewe ndio urinipigia. Ukasema mwarimu yuko."

"Hakuwako," nilisema. "Nilidanganya." Halafu, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, nikaongeza, "Lakini fundi, si wewe uliniambia nibonyeze hiyo? Ulisema ile ya raiti. Nikakuuliza, ukasema raiti. Nikabonyeza ya raiti."

"Ndio nirisema. Na hukubonyeza."

"Nilibonyeza. Ilikuwa huku," nikainua mkono wangu wa kulia.

Hesbon aliutazama mkono wangu kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akaandika herufi nne kubwa nyuma ya risiti akanisogezea: LITE.

"Raiti," alisema. "Nyepesi. Ire kidogo."

Nikakiona kana kwamba niko mbele ya kioo cha laptopu tena: kile kitufe cha kijivu upande wa kushoto, chenye maneno niliyokataa kuyasoma. Alikuwa amesema laiti kwa ulimi wake, nami nikasikia kulia kwa ujuaji wangu. Nilikuwa nimecheka "ire" na "mbiri", lakini kwa "raiti" nikasahau kabisa kwamba ni mtu yuleyule anayesema.

Hesbon alianza kucheka mpaka akashika meza. "Ukinicheka nitakucheka pia," aliniambia. "Kwa simu nirikuuriza kama waya imechomekwa, ukaniambia 'shaja' iko. Si nirierewa ni chaja?"

Mwalimu hakucheka.

Hesbon aliitoa ile programu kubwa pamoja na vijiprogramu vinne nilivyovikubali bila kujua, akaweka ile nyepesi kutoka kwenye kidude chake cha kuhifadhia faili. Iliingia kabla sijamaliza kukunja waya. Akabonyeza kijitabu. Nilihesabu moja, mbili, tatu, na picha ya jalada ikatokea. Akapindua hadi ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili kwa kidole kimoja, na feni haikusikika.

"Kwanza jiurize unataka kufanya nini," aliniambia. "Nyinyi mnataka kusoma tu. Hamtaki kuchora wara kutia sahihi. Sasa hayo mengine yote ya nini? Angaria ukubwa wake kabra hujapakua. Angaria kama inadai mtandao kira saa. Na hivyo visanduku vyenye arama, soma kimoja kimoja, utoe arama. Kitufe kinachong'aa sana kinang'aa kwa faida ya mwenyewe, si yako."

Mwalimu Absalom alikuwa ameshika simu. Alitafuta nambari, akapiga, akasema maneno machache, kisha akanipa. "Ni mama yake Derrick. Mwambie."

"Hujambo, mama. Naitwa Mukami. Niko darasa moja na Derrick. Ile laptopu si yeye aliharibu. Ni mimi, na nilinyamaza akiadhibiwa."

Nilisikia honi za malori kule mpakani.

"Nilimuuliza mara tatu," mama yule alisema. "Mara tatu akaniambia, mama si mimi. Nikamwambia mwalimu hawezi kukusingizia. Nikamgombeza mtoto wangu." Alivuta pumzi. "Alilia kwa simu, nikamwambia anyamaze."

Nikasema pole.

"Nipe mwalimu," alisema.

Jumatatu, kabla ya somo la kwanza, Mwalimu Absalom alimsimamisha Derrick mbele ya darasa. Akasema, "Nilisoma daftari, sikumsikiliza mtu. Nimemkosea Derrick, na ninamwomba msamaha." Hakuna mmoja wetu aliyewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha nikasimama mimi, nikasema yangu, yote matatu: programu na ile raiti niliyoisikia vibaya, jina nisiloandika, na ile "sijui" ya kwenye mfereji. Derrick alisikiliza akitazama viatu vyake. Alisema "sawa" akaenda kuketi, na kwa siku mbili hakunisemesha.

Derrick alirudishiwa nafasi yake, na yangu akapewa Kiplagat. Sikubisha, ingawa nilikwenda nyumbani nikalia mpaka mama yangu akauliza kama nina malaria. Ufunguo wa kabati pia nilipokonywa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuketi na Derrick na Kiplagat kila jioni, nikiwafungulia kurasa na kuwauliza maswali. Siku ya tatu Derrick alikosea swali kuhusu kuhifadhi mahindi, nikamsahihisha, akasema, "Enda kushoto kidogo, Raiti." Kiplagat akaangua kicheko. Nikajua kwamba tumeanza kupatana.

Jumamosi, ukumbini Bungoma, niliketi nyuma ya mwanamke aliyevaa kitambaa cha buluu kichwani. Kila Derrick alipojibu, alipiga makofi kabla ya mwamuzi kusema kama ni sahihi. Tulichukua nafasi ya pili kati ya shule kumi na nne. Derrick alikuja mbio, akamkumbatia mwanamke yule, kisha akanielekezea kidole. "Mama, huyu ndiye Raiti."

Mama yake alinitazama toka juu hadi chini. Hakutabasamu, lakini aliufungua mfuko wake wa njugu karanga akanimiminia kwenye viganja.

Tulipokuwa tukingoja kurudi Kitale, Mwalimu Absalom alinirudishia ufunguo wa kabati, pamoja na daftari na kalamu. Alikuwa ameunakili ukurasa ule upya, akaacha mstari mmoja mtupu kati ya Kiplagat wa Ijumaa na Derrick wa Jumatatu.

"Mukami, hata Kiswahili kina laiti yake," aliniambia. "Laiti ningalijua. Laiti ningalisema. Hiyo huja mambo yakishaharibika, na haimsaidii mtu. Laiti ya Hesbon ungeipata mapema, kwa kuuliza swali moja tu, 'Fundi, unamaanisha kulia?' Aliye na haya ya kuuliza, na aliye na hofu ya kukiri, wote wawili hubaki na ile laiti ya mwisho. Sasa jaza."

Nikaandika: Mukami, Jumatatu, saa nane na dakika kumi. Derrick alichungulia begani kwangu akasoma.

"Hapo sasa ni raiti," alisema.